Sikilidi wagomvi katika tangi lililojaa: dalili, sababu na hatua za kuchukua

Malalamiko yanayonifikia kuhusu sikilidi, yaani samaki wa ukoo wa perege, wanaofugwa nyumbani hapa Malindi, pamoja na machache yanayoletwa na jamaa wa Lamu, hayazidi kumi, nayo hurudiwa mwaka hadi mwaka kwa maneno yale yale. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu dalili ndiyo mfugaji anayoiona kwanza, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayopatikana mara nyingi zaidi, hata kama si ile inayotia hofu kuliko nyingine.

Samaki ninaowazungumzia zaidi ni mbuna, yaani sikilidi wa miambani wa Ziwa Nyasa, ambao jina hilo walipewa na wenyeji wa ziwa. Ukoo wao ni mpana. Furu wa Ziwa Viktoria wamo, na perege wa Mto Sabaki wamo pia, kwa hiyo mtu wa Malindi anayesema hajapata kumjua sikilidi huenda amekwisha kumla kwa ugali. Mbuna dume hushika eneo la mawe na kumfukuza kila anayekaribia. Wakiwa watano katika tangi dogo, mnyonge mmoja hupigwa mpaka akafa. Wakiwa ishirini katika tangi la lita 240 lenye urefu wa sentimita 120, hasira ya dume hugawanyika kwa wengi, na hakuna anayefuatwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana tunawajaza kwa makusudi. Hata hivyo, msongamano huo ni deni linalolipwa kwa maji safi kila wiki, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa ni ya watu waliochukua deni bila kujua kwamba wamelichukua.

Kabla ya kugusa chochote: pima

Pima joto, pH (kipimo cha uasidi wa maji), na amonia, nitriti na nitrati, ambazo hutokana na uchafu wa samaki, kisha uandike majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Joto linalofaa ni nyuzi 25 hadi 27. Kiwango cha pH kiwe kati ya 7.8 na 8.6. Amonia na nitriti zisionekane kabisa, na nitrati isipite miligramu 40 kwa lita. Vifaa vya matone huaminika kuliko karatasi za kuchovya, hasa baada ya karatasi hizo kukaa miezi kadhaa katika hewa yetu ya chumvi na unyevu.

Amonia inahitaji neno la ziada. Maji magumu yenye pH ya juu, ambayo mbuna huyapenda, ndiyo yanayoifanya amonia kuwa sumu kali. Katika joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu huongezeka zaidi ya mara tisa pH inapopanda kutoka 7 hadi 8. Kipimo ambacho mfugaji wa samaki wa maji laini angekipuuza hadi kesho, wewe unapaswa kukishughulikia leo.

Jua pia maji yako yanatoka wapi. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo mara nyingi ni magumu na yana chokaa ya kutosha, jambo ambalo wafugaji wa miji mingine hulinunua kwa fedha. Ubaya wake ni kwamba kisima kilicho karibu na pwani huongezeka chumvi wakati wa kiangazi, na maji yaliyokufaa mwezi wa Juni huenda yasifae mwezi wa Februari. Maji ya mvua, kama yale ya jabia za visiwa vya Lamu, ni kinyume chake: ni laini mno, na pH yake huyumba. Ukiyatumia, weka ndani ya chujio mfuko wa kokoto za matumbawe, au changanya maji hayo na ya kisima. Kokoto hizo ziombe kwa mwashi, katika mabaki ya mawe ya kujengea yaliyochimbwa nchi kavu. Usiende kuvunja matumbawe baharini, kwa maana hifadhi ya bahari ya Malindi inalindwa kisheria tangu mwaka 1968.

Samaki wote wamepanda juu ya maji na wanahema

Hii ndiyo dalili isiyongoja asubuhi. Samaki mmoja akihema, huenda ni ugonjwa wake mwenyewe. Wote wakihema pamoja, kosa limo majini.

Sababu ya kwanza ni kukatika kwa umeme, au pampu iliyosimama bila mtu kujua. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba zaidi kidogo ya miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5. Tofauti hiyo ni ndogo kwa samaki watano. Kwa thelathini wanaohitaji hewa zaidi kadiri joto linavyopanda, ni kubwa, na katika kaskazi, hasa Januari hadi Machi, tangi lililo karibu na dirisha la magharibi hufika nyuzi 30 bila hita yoyote. Chomoa hita kwanza. Kisha teka maji ya tangi kwa kata au kopo na uyamimine kutoka juu, kimo cha mkono mmoja, kwa dakika kumi, upumzike, urudie. Kazi hii inachosha, lakini imeokoa samaki wengi kuliko dawa zote ninazozijua. Funua kifuniko, elekeza feni kwenye uso wa maji ukiwa na umeme wa akiba, na usiwape chakula mpaka mambo yatulie. Ukitumia barafu, iache ndani ya chupa iliyofungwa, na ushushe joto polepole, si zaidi ya nyuzi moja au mbili kwa saa. Anayeishi mahali umeme unapokatika kila wiki anunue pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki wa kumi na moja.

Hatari nyingine huja umeme unaporudi. Chujio la kopo lililofungwa, likikaa saa kadhaa bila maji kupita, huoza ndani: bakteria wanaosafisha amonia hukosa hewa na kufa, na maji machafu hukusanyika yakingojea pampu. Bwana mmoja wa mtaa wa Barani alipoteza samaki kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyekufa gizani. Walikufa nusu saa baada ya umeme kurudi na chujio kutapika. Kwa hiyo, umeme ukikatika kwa zaidi ya saa mbili au tatu, zima swichi ya chujio. Utakaporudi, fungua kopo, mwaga maji yaliyomo, suuza sifongo kwa maji ya tangi ndani ya ndoo, ndipo uliwashe.

Sababu ya pili ni amonia. Mara nyingi inatokana na chujio lililooshwa kwa maji ya mfereji mpaka likang'aa, maana klorini huua wale bakteria ambao tangi zima linawategemea. Wakati mwingine ni samaki aliyefia nyuma ya mawe, na harufu huwahi kumfichua kabla ya macho. Wakati mwingine ni mgeni aliyehurumia samaki na kuwamwagia mkono mzima wa chakula. Badilisha nusu ya maji leo na theluthi kesho, kwa maji yenye joto lile lile, na usilishe kwa siku mbili.

Sababu ya tatu ni maji mapya yenyewe. Maji ya mfereji yenye klorini yakae siku nzima kwenye pipa lililo wazi huku pampu ya hewa ikiyapuliza, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima nayo yana lake, ambalo wengi hawalijui: yakitoka chini huwa na oksijeni kidogo na kaboni dioksidi nyingi, kwa hiyo kuyamimina moja kwa moja kutoka kisimani ni kuwakaba samaki. Yalaze usiku mmoja yakipulizwa hewa, na utaona pH yake imepanda yenyewe.

Mwisho kabisa ni vimelea vya mashavu. Wafikirie tu ikiwa vipimo vyote ni vizuri na hewa inatosha.

Simama hapa: ikiwa umebadilisha maji, umeongeza hewa, na baada ya saa sita samaki bado wanakufa mmoja baada ya mwingine, usianze kumimina dawa kwa kubahatisha. Chukua maji ya tangi katika chupa safi na samaki aliyekufa karibuni, aliyewekwa juu ya barafu, umwone daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi wa kaunti.

Dume mmoja anawapiga wote

Wengi huja na hukumu tayari: «Mwalimu, nimuuze huyu.» Dume huyo akiuzwa, wa pili yake hupanda cheo siku ile ile, naye huwa mkali kama mtangulizi wake au kumzidi. Kabla ya kumhukumu, hesabu.

Sababu kubwa ni wingi wa madume. Kila dume anahitaji majike watatu au wanne, na zaidi kwa aina kali, ili asimwandame mmoja. Tatizo ni kwamba madume hujificha. Dume aliyeshindwa hupunguza rangi, hufanana na jike, na huishi hivyo miezi mingi. Kwa hiyo tangi unalodhani lina dume mmoja na majike sita huenda lina madume wanne. Kutokana na rangi pekee huwezi kuwa na hakika. Aina inayoitwa kenyi, *Maylandia lombardoi*, huwachanganya watu kwa namna yake: jike ni wa buluu na dume ni wa manjano. Mteja hununua watatu wa manjano na watatu wa buluu akiamini amepata aina mbili za kupendeza, kumbe amenunua madume watatu wa samaki mmoja mkali sana. Wakishafika sentimita saba au nane, mgeuze samaki chali ndani ya wavu uliolowa, utazame matundu mawili yaliyo mbele ya pezi la chini: kwa jike, lile la nyuma ni kubwa na la mviringo kuliko la mbele, na kwa dume yanakaribia kulingana.

Sababu ya pili ni samaki wachache mno. Inashangaza kumwambia mtu mwenye ugomvi aongeze samaki, lakini kwa mbuna wanane katika lita 240 ndilo jibu, ilimradi chujio liweze kusafirisha maji ya tangi zima mara sita hadi kumi kwa saa na mwenyewe awe tayari kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji kila wiki. Asiyeweza mambo hayo mawili asiongeze hata mmoja. Waongezwe kwa pamoja, sita au wanane kwa siku moja, wala wasitiwe mmoja mmoja. Mgeni wa peke yake huwa gumzo la tangi zima.

Sababu ya tatu ni mawe. Nimeona matangi mengi yenye pango moja zuri katikati, mfano wa kiti cha enzi, na dume mmoja akikalia. Mawe yawe mengi, yapangwe mpaka karibu na uso wa maji, yakiwa na mianya mingi inayofanana na yenye milango miwili ili anayefukuzwa asikwame. Vipande vya mabomba ya plastiki na vyungu vilivyovunjika hufaa vilevile, ingawa havipendezi machoni. Yasimamishe juu ya sakafu ya kioo kabla ya kutia mchanga, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huja kuanguka usiku. Siku ya kuingiza wageni, ondoa mawe yote na uyapange upya, uzime taa, ndipo uwatie. Wenyeji nao watakuwa wamepoteza mipaka yao, na watashughulika kutafuta makao badala ya kuwapiga wageni.

Sababu ya nne ni rangi zinazofanana. Dume humwona mwenye mistari kama yake kuwa mshindani, hata akiwa wa aina nyingine. Usichanganye aina mbili zenye mistari ya buluu na nyeusi. Demasoni, *Chindongo demasoni*, ambao ni wadogo na wakali baina yao, wafugwe kumi na wawili au zaidi, au wasifugwe kabisa.

Na kuna samaki ambaye sitamshauri mtu amfuge katika tangi la mchanganyiko: auratus, *Melanochromis auratus*. Akiwa mdogo ni wa manjano mwenye mistari, naye ndiye mzuri kuliko wote dukani. Akikua, dume hugeuka kuwa mweusi na kuwa mkali kwa kila kinachoogelea. Nimewahi kumfuga kwa miezi mitano, na tangi likabaki na auratus na kambare mmoja.

Kumtenga mgomvi ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, ndani ya tangi hilo hilo, kwa siku nne au tano, hufaa mara nyingi. Akirudi anakuta wengine wamekwisha gawana mahali.

Mapezi yameraruka, na samaki anakaa pembeni juu

Huyu amepigwa. Mapezi yaliyoraruka yenyewe hupona kwa maji safi bila dawa, katika wiki mbili hivi, ikiwa utamtenga. Kingo zikiwa nyeupe kama pamba, kuvu au bakteria wameingia. Kidonda kisichofunga, uti wa mgongo uliopinda na kukonda huku anakula ni dalili za kukufanya usimame, kwa sababu kifua kikuu cha samaki huleta mambo hayo, na bakteria wake wanaweza kuingia katika mkono wenye mchubuko. Usitie mkono uliokatika ndani ya tangi. Ukiona kinundu cha ngozi kisichopona mkononi, nenda hospitali, na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga samaki, kwani asipojua hilo hataliwazia.

Hali chakula, tumbo limevimba, kinyesi ni cheupe kama uzi

Kabla ya yote hakikisha ni tumbo. Jike aliyebeba mayai kinywani naye hali, naye huonekana amevimba, lakini uvimbe wake uko chini ya kidevu, na ukimtazama kwa utulivu utaona taya likizungusha mayai. Mwaka wangu wa kwanza nilimtenga jike wa namna hiyo na kumtia dawa siku tatu, na siku ya nne nikakuta vifaranga wawili wamekufa chini ya tangi.

Ikiwa ni tumbo kweli, sababu ya kwanza ni chakula. Mbuna wengi hula utando wa mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili hiyo. Watu wa pwani tuna dagaa kwa wingi, na kishawishi cha kuwasagia samaki ni kikubwa. Nyama, mioyo ya ng'ombe na dagaa wa kila siku huwadhuru. Wape chakula cha spirulina (aina ya mwani uliokaushwa), mchicha uliochovywa katika maji moto kisha ukapozwa, na njegere zilizomenywa. Walishe kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika moja.

Sababu ya pili ni mateso ya kupigwa na maji mabaya, ambayo huwapa nafasi vimelea vya utumboni waliokuwa wakiishi ndani ya samaki bila madhara makubwa. Mtenge mgonjwa, badilisha maji ya tangi kuu, wafungishe wote kwa siku tatu. Dawa inayotumiwa ni metronidazoli, nayo haifai kununuliwa kwa kukisia vidonge vya binadamu. Kipimo kitolewe na daktari wa mifugo anayejua ujazo halisi wa maji yako. Muda ni mfupi. Samaki aliyeacha kula leo na kuanza kuhema kesho huenda asiione kesho kutwa, kwa hiyo piga simu siku ya kwanza. Magamba yakisimama mfano wa tunda la mvinje, matumaini ni haba.

Madoa meupe, au wanajisugua kwenye mawe

Kujisugua bila madoa mara nyingi ni maji: amonia, nitriti, au pH iliyoruka baada ya maji mapya. Madoa kama chembe za chumvi ni kimelea kiitwacho *Ichthyophthirius*, ambaye kwa kawaida huingia na samaki mpya. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 30 kwa siku kumi hadi kumi na nne, ukiongeza hewa sana kwa sababu iliyoelezwa hapo juu, na unyonye uchafu wa chini kila baada ya siku mbili. Wageni wote wakae karantini wiki tatu. Watu hawapendi kusikia hivyo.

Majike hawashiki mayai, au wanayashika na kuyameza

Mbuna jike hutaga juu ya jiwe tambarare, akayaokota mayai yake kinywani papo hapo. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini yanayofanana na mayai. Jike huyadonoa akidhani amesahau baadhi, na kwa kufanya hivyo hupokea mbegu. Tangu hapo hubeba kwa wiki tatu hadi nne, siku chache zaidi au pungufu kulingana na joto, na hula kidogo sana au hali kabisa.

Ikiwa hakuna kutaga hata kidogo, tazama umri kwanza: wengi huanza wakiwa na miezi sita hadi tisa. Kisha tazama kama una dume mwenye eneo, maana asiyekuwa na jiwe lake hapendezi kwa jike yeyote. Halafu tazama mwanga na uangavu wa maji. Majike wa sikilidi wengi huchagua dume kwa rangi. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba kuchafuka kwa maji ya Ziwa Viktoria kulizuia uchaguzi huo na hivyo kuhatarisha wingi wa aina za furu. Taa ya buluu iliyokolea na maji ya kijivu hufanya kazi hiyo hiyo mbaya sebuleni.

Ikiwa hushika kisha mayai yakatoweka baada ya siku tatu au nne, sababu ya kawaida ni ujana. Jike wa mara ya kwanza na ya pili huyameza au kuyatema, na hakuna la kufanya ila kungoja. Ya pili ni fujo: anayefukuzwa kila saa huyatema. Ya tatu ni mayai yasiyorutubishwa, kwa sababu dume alikatizwa kila alipokaribia. Jike akikwisha kushika siku kumi na nne, anaweza kuhamishwa usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa chombo kinachoteka maji pamoja naye, mpaka tangi la lita 40 lenye chujio la sifongo na kipande cha bomba cha kujifichia. Wavu humshtua akatema. Baada ya kuwaachia vifaranga, mpe siku mbili au tatu za kula, kisha mrudishe gizani. Akikaa wiki mbili nje, cheo chake kimekwenda, na atapokewa kama mgeni.

Kumfungua jike kinywa ili kuwatoa vifaranga ni kazi ya mkono uliofundishwa. Taya lake huvunjika kwa urahisi. Asiyewahi kuona ikifanywa asijifunzie kwa jike anayempenda.

Vifaranga wanatoweka, au wana sura zisizoeleweka

Wanaotoweka wameliwa, na hilo ni jambo la kawaida katika tangi la wazazi. Wachache hupona wakiwa na lundo la mawe madogo yasiyopitika na wakubwa. Katika tangi lao wenyewe wakifa, tazama chujio linalowanyonya, kisha maji yanayochafuliwa na chakula cha unga. Huzaliwa wakubwa kiasi cha sentimita moja, na hula chakula cha wazazi kilichosagwa laini tangu siku ya kwanza.

Sura zisizoeleweka ni machotara. Aina nyingi za *Maylandia* hupandana zikikosa wenzao, na watoto wao huzaa vilevile. Si ugonjwa, ila kumpa mtu chotara kwa jina la aina halisi ni kumdanganya, na udanganyifu huo huendelea katika matangi ya wengine.

Tangi linalia, linavuja, au maji yanawasha vidole

Hapa kazi ya mfugaji inaisha mapema. Ukihisi umeme unakuwasha, usitie mkono tena: zima swichi kuu ya nyumba, ndipo uchomoe. Kioo cha hita kilichopasuka ndicho sababu ya kawaida. Inayofuata ni plagi iliyoliwa na kutu ya hewa ya bahari. Kila waya ushuke chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni. Mengine yote ni ya fundi umeme.

Mvujo mdogo wa kona, punguza maji mpaka chini ya mvujo na uwahamishe samaki. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile kuukuu, kwa hiyo kona nzima hukwanguliwa, na kioo kilichopasuka hakizibwi, hubadilishwa.

Kwa wa Lamu lipo jambo zaidi. Tangi la lita 240 pamoja na mawe, kioo na meza hupita kilo 300, na dari za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko. Ukitaka kuliweka ghorofani, mwite kwanza mwashi anayezijua nyumba hizo, aone hali ya boriti. Kwa kawaida atakwambia uliweke kando ya ukuta, likikatiza boriti kadhaa badala ya kulala juu ya moja. Wazee walioweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu walikuwa na busara ya kuliacha birika lijengwe pamoja na nyumba.

Samaki wamezidi

Jike mmoja anaweza kutoa vifaranga ishirini au thelathini, kisha akashika tena baada ya wiki chache, na tangi lililokuwa limejaa kwa hesabu linajaa kwa bahati mbaya. Punguza kwa kutowakusanya vifaranga, au tenga madume. Waliozidi wapewe mfugaji mwingine, akiambiwa kama ni machotara. Wasitupwe mtoni wala bwawani, hata kwa huruma: Mto Sabaki una perege wake wa asili, *Oreochromis spilurus*, ambaye jike wake naye hubeba mayai kinywani, na ugonjwa mmoja kutoka ndoo moja unaweza kumfikia.